Hadubini ya Kambini

Maabara ya sekondari ya kijiji chetu, juu kidogo ya Kalinzi, tuliijenga wenyewe. Nasema wenyewe kwa sababu waliokula ile sherehe ya kuifungua wamesahau, na mimi sisahau. Mwaka themanini na sita wake zetu walibeba mawe kichwani kutoka mtoni. Tukaambiwa, jengeni, vifaa vinakuja. Sasa ni tisini na saba. Ndani ya jengo hilo kuna mifuko ya saruji ya mtu mkubwa na mbuzi wa mwalimu mkuu.

Humo ndimo alimosomea baiolojia Honorata, binti wa marehemu kaka yangu. Chembe hai aliichora kwa chaki, hakuiona hata moja. Kwenye mtihani wa vitendo wakapewa karatasi: eleza ungeona nini kama ungekuwa na hadubini. Akaeleza, akafaulu. Nchi ya kama.

Alitaka kusomea upimaji wa maabara. Mama yake alikufa kwa homa ambayo hakuna aliyejua jina lake, na tangu siku hiyo mtoto hakutaka kazi nyingine. Akaenda chuo kimoja pale Kigoma mjini, mimi nikiwa kuli bandarini. Wakamwambia alete cheti kwamba amewahi kutumia hadubini. Ya wapi? Nzima tuliyoisikia ilikuwa moja, kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu.

Na raia haruhusiwi kambini.

Lakini Kiha chetu na Kirundi chao ni watoto wa tumbo moja. Honorata alivaa kitenge kilichochakaa, akajiunga na akina mama waliorudi na kuni, akapita getini. Mpimaji wa kule, Mrundi mmoja aitwaye Gervasi, alimtambua siku ileile.

"Wewe Mha," alimwambia. "Mnatusema tunakula maharage ya bure. Leo umefuata nini, maharage?"

"Nimefuata kioo cha hadubini, mwalimu."

Gervasi alicheka mpaka akafuta miwani. "Umeniita mwalimu. Kaa."

Alimfundisha kutandaza damu kwenye kioo, kuipaka rangi, kumtafuta mdudu wa malaria mpaka jicho lizoee. Mwaka ukaisha vidole vyake vikiwa vya zambarau. Akapewa cheti, na cheti cha kambini kinaandikwa kama watu wa kambini wanavyoandikwa: Honorata, Mrundi. Gervasi akamwambia, "Ukikosa huko kwenu, stuli hii ni yako. Msaidizi wangu amerudi kwao Makamba."

Siku ya usaili chuoni nilimsindikiza. Nilisimama dirishani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Hamdani, shati jeupe, soda mbele yake.

"Cheti hiki ni cha Mrundi," alisema.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Mha wa Kalinzi. Balozi wetu wa nyumba kumi anaweza kuja kunishuhudia."

"Kama wewe ni Mha, cheti ni cha uongo."

"Basi nipimeni, mzee. Hadubini ile pale."

Ilikuwepo kweli, kabatini, imefunikwa nailoni yake ya kiwandani. Hamdani aliitazama kama mtu anayetazama mahari ya binti yake.

"Ile haiguswi. Ni mali ya serikali."

Nikapiga dirisha. "Na sisi ni mali ya nani?"

"Mtoeni mlevi huyo!"

Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Lakini mlevi ndilo jina wanalokupa ukiwa na kumbukumbu.

"Chagua, binti," Hamdani alisema. "Wewe ni Mha, nichane karatasi hii, uende ukalime kahawa. Au ni Mrundi, cheti ni halali, ila Mrundi hasomi hapa, na lori la kuwarudisha wakimbizi kambini linaondoka Jumatatu."

Alikuwa anamtania. Alijua hakuna binadamu atakayekana kwao. Wenzake mezani walicheka.

Honorata hakucheka. Alivitazama vidole vyake.

"Andika Mrundi," alisema.

Nilipiga kelele nje mpaka sauti ikakauka. Alipotoka alinishika mkono. "Baba mdogo, kwetu kuna nini? Mbuzi wa mwalimu mkuu. Kule kuna stuli." Jumatatu nilimpandisha mwanangu kwenye lori la wakimbizi, azaliwe Kalinzi, akimbilie Kasulu, mkoa uleule mmoja!

Mvua zilipoanza, nikiwa nimerudi kijijini, nikashikwa na homa. Zahanati ya kijiji ikanipa panadoli na pole. Nikapanda gari za watu hadi kambini, natetemeka. Mlinzi akanizuia: "Raia haingii." Nikazunguka uzio, nikamwita. Honorata akaja na koti lake jeupe, akachukua kidole changu kupitia waya, akanitoboa, akakimbia na kioo.

Nilikaa chini kwenye matope. Aliporudi alikuwa na vidonge kwenye karatasi.

"Malaria, baba mdogo. Wadudu wamejaa. Meza hivi sasa hivi, nikuone."

Nikameza. Mlinzi akaja mbio, rungu mkononi.

"Wewe mzee! Huduma hiyo ni ya wakimbizi!"

Nikamwinulia kidole. Nikakiminya, damu ikatoka tena.

"Isome basi," nikamwambia. "Hiyo ni ya Mha au ya Mrundi?"