Harufu ya Koti la Makame

...na kibaba kilikuwa kimeshazama ndani ya gunia la giligilani, mkono wake juu yake, ila Mwantumu hakukitoa, kwa sababu Anania, mpishi wa Mzungu wa shambani, alifungua kopo alilokuja nalo akamsogezea puani, "Nusa hii kitu, Mama, imetoka kwao Ulaya, Bwana anataka giligilani ya kwenda na hii," vitunda vyeusi vilivyokunjamana kama pilipili manga, naye akanusa, na dukani mle, katika baridi ile ya Mbeya, akaingia Makame... mumewe, aliyekufa mwaka juzi, akaingia na harufu yake ya utomvu wa msonobari, harufu ya koti la sufu ambalo Mwantumu hakulitoa sadaka pamoja na kanzu zake wala hakulifua, kila Ijumaa hulifungua sandukuni akaweka uso, akalia kidogo, akalikunja, maana humo ndimo mume alimobaki... "Ya nini hii?" aliuliza, au alidhani ameuliza, na Anania akacheka, "Ya jin, Mama, pombe yao, hii na giligilani yako, na iliki, na maganda ya machungwa, hawa Wazungu pilau yao wanaikunywa! Mchele hapana, nyama hapana," na yeye miaka yote hii akimpimia kwa bismillahi, na nyongeza ya vidole vitatu juu, akidhani ni ya jikoni... "Zamani tukiwa Iringa marehemu mzee ndiye alikuwa anachagua, Bwana anasema pua kama ya Makame hajaona, halafu wanakaa kule nyuma wawili, wanaonja mpaka..." akavua kofia, akaitazama ndani, "Samahani, Mama. Nilifikiri unajua," wanaonja, wanaonja mpaka nini, na karafuu je, karafuu alizomfungia yeye mwenyewe kwenye kitambaa kila alipopanda lori la Iringa kwa biashara, za jino, alisema, na hurudi kinywa kinanukia karafuu, miaka sita jino moja, jino gani hilo, Mwantumu, wewe muuza viungo unayejua giligilani ya mwaka jana kwa kuing'ata tu... halafu macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, likawa gumu kama ngoma, naye akimkanda na kujiuliza nani amemlisha mume wangu, na aliyempikia Iringa alikuwa mmoja tu, Siwema, dada yake Makame, ambaye siku ya mazishi alifika na vumbi la Nyololo, la njia ya Iringa, kichwani, na yeye Mwantumu akasimama mlangoni, mbele ya wanawake wote, umemlisha nini kaka yako, mchawi wewe, humu hukanyagi, na Siwema hakulia, hakuapa, alisema tu, "Wifi, mimi sina la kusema," akakaa nje kwenye manyunyu mpaka jeneza lilipotoka, na tangu hapo Iringa hawanunui maandazi yake, Mwantumu aliposikia alifurahi, Mola amsamehe, alifurahi... sina la kusema, na alikuwa nalo, neno moja lingemtosha, alikuwa anakunywa, wifi, ila wanawake wangelisikia, na masheikh waliokuwa uani, na Makame angezikwa nalo, basi akalimeza, akabaki na uchawi, miaka miwili... na Makame mwenyewe, amweke wapi sasa, hakujua, huenda ilianza kwa kunusa tu, mtu kasifiwa pua yake, nani asiyependa kusifiwa, na baridi ile, na mbali na nyumbani, hapana, hilo aliache, Makame ana Mola wake, lakini Siwema yu hai, anakaanga maandazi yasiyonunuliwa, na barua haitoshi, wala kumwendea peke yake na kumshika miguu hakutoshi, kwa kuwa aliitwa mchawi mbele ya watu, mlango ule, wanawake wale... "Mama?" Anania alisema taratibu, kopo bado liko wazi mkononi, "kibaba kimoja tu," na kibaba kingali ndani ya gunia, vidole vimekikamata, na Mwantumu, aliyezoea kuanza kipimo kwa bismillahi, aliitafuta akakuta kinywani mna neno jingine, lile lile alilolimeza Siwema, na sasa ni zamu yake kulisema.