Dirisha la Kuku

Mwaka ule baridi iliwahi. Miti ilikuwa haijamaliza kupukutisha majani wakati maji ya ndoo ya uani yalipoganda kwa mara ya kwanza, na mama mkwe wa fundi cherehani akatangaza jikoni, mbele ya mwanawe na fundi mwenyewe, mke wa mwanawe, kwamba hakuna kuku wake hata mmoja atakayekufa.

Walikuwa kumi na wawili: mitetea kumi na mmoja na jogoo aliyeitwa Mwenyekiti, kwa sababu hakuanza siku bila hotuba. Banda lao la mbao lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na kibanda cha kuni. Mama alilifunga kama anafunga mzigo wa safari. Aliziba kila ufa kwa vipande vya nguo kutoka kapu la fundi, akapigilia nailoni kuta zote nne na dari, akaning'iniza zulia kuukuu mlangoni.

"Hata upepo wa kupenya tundu la sindano hauingii," alisema, akikung'uta mikono.

Habari zikafika dukani kwa fundi. Wateja wakamtania: "Si uwashonee makoti tu, fundi?"

"Nitawapimaje? Hawatulii," aliwajibu, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

Wiki ya pili ya theluji, Mama aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na goti likavimba. Kazi ya kufungulia kuku asubuhi ikamwangukia fundi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiwaona tu kupitia dirishani.

Aliposogeza zulia, harufu ilimpiga usoni hadi machozi yakamtoka. Tone la maji likamdondokea shingoni, kisha jingine. Akatazama juu. Nailoni yote ya dari ilikuwa imejaa matone, kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Matandazo chini yalinata kwenye viatu vyake. Kuku walikuwa wamejikunyata juu ya fito, manyoya yamelowa na kushikamana, na ncha za kilemba cha Mwenyekiti, ile nyama ya utosini, zilikuwa nyeupe, zimekufa kwa baridi. Asubuhi hiyo hakukuwa na hotuba.

Akawahesabu. Kumi na mmoja.

Aliyekosekana alikuwa mtetea mweusi, mkaidi tangu utoto, ambaye kila jioni alipenda kukimbizwa kabla ya kuingia ndani. Jana yake, kwa kuwa Mama hakuweza kutembea, hakukimbizwa na mtu. Fundi akaenda kumtafuta, akijua anakwenda kuokota mzoga.

Alimkuta kwenye kibanda cha kuni, ambacho upande mmoja hakina ukuta. Alikuwa ametulia juu ya gogo pana, mgongo kwenye ukuta, amejitutumua kama mto wa manyoya. Kilemba chake kilikuwa chekundu pyu. Fundi akaingiza vidole chini ya bawa: pakavu, na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Alisimama pale muda mrefu kuliko baridi ilivyoruhusu. Nguo alizijua. Koti likitundikwa kabatini na unyevu kidogo, kabati likafungwa, linaoza hata kama chumba kina joto. Na hawa kuku walikuwa wakipumua usiku kucha ndani ya kabati.

Alimkuta Mama jikoni, goti juu ya kiti, anachambua maharagwe.

"Mama, kuku wanalowa. Siyo baridi inayowaumiza, ni maji. Nataka kutoboa banda."

Mama akaweka sinia chini. "Kutoboa? Kwenye baridi hii?"

"Juu kabisa, chini ya paa. Upepo upite juu ya vichwa vyao, unyevu utoke. Huku chini nitaacha pamezibwa kama ulivyoziba."

"Mwanangu, mimi nimefuga kuku kabla wewe hujajua kushika sindano."

"Najua, Mama. Uliwafuga kwenye theluji?"

Mama akavuta sinia tena. Alikuwa ametoka kwenye joto, miaka mitatu tu iliyopita, kuja kuishi na mwanawe, na hii ilikuwa baridi yake ya kwanza na kuku. Swali lilikuwa la haki, lakini lilimchoma, na fundi aliliona hilo.

Mlango ukafunguka, mume wa fundi akaingia kutoka kiwandani, unga wa mikate umemjaa kwenye nyusi. Wanawake wawili wakamgeukia kwa pamoja.

"Wapiganapo tembo," alisema, akivua kofia taratibu, "nyasi huumia. Nyasi imefanya kazi usiku kucha, inaomba ikalale." Akapita zake chumbani.

"Wakifa," Mama akasema, "wamekufa mkononi mwako."

"Sawa, Mama. Mkononi mwangu."

Siku hiyo fundi alifunga duka mchana. Alichora mstari kwa chaki yake ya kukatia vitambaa, upana wa kiganja, chini kidogo ya paa, upande usiopigwa na upepo. Akashika msumeno. Mbao zilikuwa ngumu kwa baridi na msumeno ulikwama kila mara. Akawa anaupaka sabuni na kuanza tena. Akang'oa nailoni yote ya dari. Akafunika tundu kwa wavu wa waya ili vicheche wasiingie, na waya ukamchana vidole viwili. Akakokota matandazo mabichi nje kwa koleo, akaleta magunia mawili ya maranda makavu kutoka kwa seremala jirani. Mwisho akaondoa fito nyembamba, akaweka mbao pana, ili kuku akikaa afunike vidole vyake kwa tumbo lake, kama alivyofanya yule mweusi kwenye gogo. Pazia la jikoni lilisogea mara kadhaa. Hakuna aliyemwita ndani.

Asubuhi ya tatu mtetea mmoja mzee alikutwa amelala chini, amekauka.

"Nilisema," Mama alitamka, basi. Hakuongeza neno, na fundi angependa aongeze.

Siku hiyo dukani alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Huenda mtetea alikuwa mgonjwa tangu kabla. Huenda siyo. Jioni mapema alisimama kwenye kigoda mbele ya tundu, kitambaa cha kuzibia mkononi. Kabla hajaziba, akabandua pembe ya wavu, akapitisha mkono, akagusa dari.

Pakavu kabisa.

Akatia kitambaa mfukoni, akashuka.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, kwa sababu yakiganda hawanywi, na wasipokunywa hawali. Mahindi kabla jua halijazama, wapate cha kusaga tumboni wakilala. Mafuta ya mgando kwenye kilemba cha Mwenyekiti, ambaye alimchukia kwa hilo na kumdonoa kifundoni kila alipogeuka. Mama aliyaona yote kupitia dirishani. Siku moja fundi alikuta birika la maji limeshachemshwa, na hakuuliza ni nani.

Kisha ikaja dhoruba. Ilianza saa sita mchana, fundi akiwa na pini mdomoni, anampima bibi harusi gauni. Alitazama nje akaona theluji inakwenda ubavuubavu, kutoka upande ambao upepo haukuwahi kutokea. Upande wa tundu.

"Samahani, bibi harusi. Nakuja," alisema, akitema pini kiganjani, akatoka mbio na utepe wa kupimia shingoni.

Alipofika uani alimkuta Mama juu ya kigoda, goti limefungwa bandeji, mkono mmoja umeng'ang'ania paa la banda, mwingine unapangusa theluji kwenye wavu kwa ufagio wa jikoni.

"Mama! Goti!"

"Goti langu litapona. Tundu hili likiziba watapumua nini?" Mama alifagia tena, kwa hasira, kama anayemfukuza mwizi. "Na wewe ulikata bila kuweka kikingio juu. Fundi gani asiyejua kuweka kola?"

Fundi akageuka mbio. Akaingia kwenye kibanda cha kuni, akatoka na ubao na nyundo. Mama akashuka, akamwachia kigoda na kukishikilia kwa mkono mmoja kisitikisike, misumari ameibana kwa midomo, akimpa mmoja mmoja.

Kutoka ndani Mwenyekiti aliwika, mchana huohuo, dhoruba au siyo dhoruba.

"Upande wa kushoto umelala," Mama alisema kwa pembe ya mdomo. "Unyanyue kidogo. Hapo. Piga."