Cheni kwenye Msumari

Kiungo cha cheni kiligoma kufunguka. Mulumba alikuwa amepiga magoti barazani, baiskeli, au kinga kama wanavyoiita hapa, ameipindua magurudumu juu, akakibana tena kwa koleo mpaka vidole vikamuuma. Ndani, mkewe Simone alikuwa akifunga sufuria kwenye shuka. Alifanya kazi hiyo akiwa amekaa chini, maana miguu yake ilikuwa imevimba na haikumfikisha hata barabarani.

"Tata Mulumba, kinga bila cheni itaenda namna gani?" aliuliza Ngoy, jirani aliyebanana na mkewe Valérie na watoto sita katika chumba kimoja cha uani.

"Nitaisukuma. Simone atakaa nyuma. Siku ya misa cheni ilikula kitenge yake, karibu aanguke. Na kama kijana ananinyang'anya kinga mu njia, atapanda aende wapi?"

Ngoy alicheka kidogo. Asubuhi vijana wa chama walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba: Wakasai wote wawe stesheni kabla ya jua kuzama, warudi kwao; wenyeji kama Ngoy wabaki. Mwenda kwao si mtumwa, husema watu. Lakini Mulumba alizaliwa hapahapa mtaani Kapata, katika nyumba hiihii ya kampuni, na jimbo la Kasai alilijua kwa masimulizi ya marehemu baba yake tu.

Kiungo kikaachia. Mulumba aliiosha cheni kwa petroli, akaipaka mafuta pingili kwa pingili, kama alivyofanya miaka ishirini mgodini kwa mashine ambazo sasa zilikuwa zimelala. Akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Kitu unaacha, unapakaa mafuta ya nini?" Simone aliuliza.

"Isishikwe na kutu. Ngoy, utanichungia. Nikirudia, nitaivalisha mi mwenyewe."

"Ndiyo, tata," alijibu Ngoy, macho ukutani.

Wakatoka. Simone juu ya keria, sufuria zikigongana, Mulumba akisukuma kwa kifua na mikono. Walipofika kwenye kona ya shule wakasikia mtu anakimbia nyuma yao. Alikuwa Ngoy. Mulumba alifurahi kweli, akasogea pembeni ili wasukume wawili.

Ngoy hakushika baiskeli. Alimnyooshea cheni, imefungwa kwenye gazeti.

"Chukua, tata."

"Nilikuambia nini? Uchunge mpaka nitarudia."

"Nyumba yako, ba kampuni balishaandika jina yangu." Ngoy alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Toka juma ilipita. Valérie anaingiza bitanda sasa hivi. Sitaweza kulala mule na ile cheni ku musumari, tata. Sitaweza."

Juma zima. Na jana tu walikuwa wamekula bukari sahani moja. Mikono ya Mulumba ilibaki kwenye usukani.

Simone ndiye aliyeipokea. Aliipakata mapajani, juu ya kitenge chake cha misa, na mafuta yakaanza kupenya gazeti.

"Sukuma, baba," alisema. "Jua linaenda."