Jiwe la Bonzo

Mwaka 2004, mvua za kwanza zikiwa zimeshika, Wacera alitoka Bungoma na mtoto mgongoni, akabadilisha gari Kitale, akashuka Moi's Bridge. Kutoka hapo alitembea peke yake hadi shamba la Mzungu wa zamani alikozaliwa, wazazi wake wakiwa wafanyakazi. Mumewe, Thuo, alikuwa amekataa kufunga duka.

"Jina si umempa tayari? Marehemu aonyeshwe mtoto ndio aseme nini?"

Lakini kwa desturi ya Wakikuyu binti wa pili hubeba jina la mama wa mama yake, na Wacera hakutaka Ciru mdogo aanze kutembea kabla ya kufikishwa kwa Ciru mkubwa.

Kaburi alilikumbuka: jiwe jeupe lenye maandishi, katikati ya mahindi. Kila Krismasi baba yake, Wanyoike, alimpeleka pale, akavua kofia, akasema, "Mama yako yuko hapa." Kusoma hawakujua, baba wala mtoto. Huko Bungoma, kila alipoambiwa na wenyeji arudi kwao, Wacera alilifikiria jiwe hilo.

Siku hizi alikuwa akienda masomo ya jioni, Kiingereza kikiwemo. Akapiga magoti, akapangusa jiwe kwa leso, akasoma polepole. Bonzo. Mbwa mwaminifu. 1938.

Akasoma tena. Akaketi kwenye nyasi kando ya jiwe. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimlilia mbwa wa Mzungu!

"Wewe ni wa Wanyoike," mtu akasema nyuma yake. "Hiyo pua siwezi kuisahau."

Alikuwa Kogo Cheptoo, kogo yaani bibi kwa Kikalenjin, aliyekamua ng'ombe na mama yake zamani, na ambaye bado aliishi kwenye laini, safu ya vibanda vya wafanyakazi.

"Kogo, mama yangu yuko wapi? Hapa ni mbwa!"

"Si najua ni mbwa? Kwani ni nani hajui?" Cheptoo akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mzungu hakutaka kaburi la mfanyakazi liwe na alama. Ati linaharibu shamba. Akaenda zake, tajiri wetu mweusi akaingia na sheria ile ile. Ukizika mtu wako leo, msimu ukifika trekta inampitia juu. Lakini hilo jiwe, trekta hulizunguka. Basi baba yako akatuomba: mke wangu mnilazie karibu na mbwa." Akaonyesha ukanda mwembamba wa nyasi kando ya jiwe. "Yuko hapo ulipoketi. Mbwa alikuwa na kwao, mama. Sisi tukajibanza kwake."

Akamshika Wacera bega, kisha akarudi kwenye palizi yake, mbali upande wa pili wa shamba.

Wacera akabaki na upepo na mahindi machanga, pande zote mahindi tu. Chini ya hayo, watu wangapi? Hakuwa na wa kumuuliza. Akamfungua mtoto, akamnyonyesha palepale.

"Mama," akasema, "huyu ndiye Ciru."

Mtoto aliposhiba aliteremka mapajani, akatambaa nyasini, akashika jiwe kwa mikono miwili. Akajivuta. Akasimama, magoti yakimtetemeka.

Wacera aligeuka haraka amwite mtu aje aone. Hakukuwa na mtu. Basi akalaza kiganja chake kwenye nyasi.

"Umeona?" akauliza.