Nafasi ya Kumi na Mbili

Watu husema Merv Duffield aliuawa na Wajapani. Ni kweli, wale waliua wengi kwenye ile reli, na mimi siwatetei. Lakini katika kifo cha Merv, mimi pia nina mkono wangu, na nimechoka kuuficha.

Kabla ya vita tulikata manyoya ya kondoo pamoja miaka sita, huko Hay, kwetu Australia. Tukatekwa pamoja Singapore, tukapelekwa Siam kupasua mlima kwa nyundo ili reli ipite. Kambini kila Mwaustralia alikuwa na mwenzake. Mnagawana wali, mmoja akiugua mwingine anambebea kazi yake. Asiye na mwenzake tulimhesabu marehemu. Hilo tuliliamini kuliko dini.

Mvua zilipoanza, mwanzi ulimchana Merv kwenye muundi. Wiki haikuisha kidonda kikawa kikubwa kama kisahani. Nikawa napasua mawe yake na yangu.

Asubuhi moja ikaja boti. Walinzi walikubali wagonjwa kumi na wawili washuke mtoni hadi kambi yenye hospitali. Daktari wetu, Kapteni Lorimer, alikuwa na kumi na mmoja, na walinzi wanamfokea aharakishe. Akachungulia kibandani kwetu.

"Archie, huyo mwenzako vipi? Mguu unasemaje?"

Merv alikuwa amelala, homa imembana. Nikamwona akilini, peke yake huko chini, hana wa kumlisha wala wa kumfukuzia nzi. Roho ikakataa kabisa.

"Anatembea, Daktari. Jana kapasua mawe mpaka jioni."

"Una hakika?"

"Si nalala naye ubavuni hapa?"

Lorimer akaondoka mbio. Nafasi akapewa mpishi aliyekuwa anaharisha.

Siku hiyohiyo mto ukafurika, na boti nyingine haikuja. Tulikwama pale, maji mbele, msitu nyuma. Kila alfajiri nilimkandamiza Merv mabega huku Lorimer akikwangua usaha kwa kijiko kilichonolewa. Siku ya tisa mfupa ulionekana wote. Lorimer akanivuta kando.

"Hata nikiukata sasa, tumechelewa."

Hakuniuliza juu ya lile jibu langu. Afadhali angeniuliza.

Nikarudi, nikakaa karibu na Merv. "Ile boti ilikuwa na nafasi," nikamwambia. "Nilimdanganya Lorimer kwamba unatembea."

Nilikuwa naomba anitukane, tena matusi ya nguoni.

"Mshenzi wewe," akasema, akacheka kidogo. "Uliogopa nitakuwa peke yangu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningekubakiza, Archie."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, nikalia mbele za watu.

Alikufa Jumamosi saa nane mchana. Mimi nilikuwa mlimani, mlinzi amenisimamia. Niliporudi waliniambia kibanda kizima kilikuwa kazini, hakukuwa na mtu naye.