Nyuma ya Droo ya Chini

Nilipoolewa na fundi seremala, jirani yetu tuliyemwita Redio alisubiri nimalize kupanga vyombo ndipo akanipa habari. Wake wawili walikuwa wamefia nyumba ile, wote kwa ugonjwa wa tumbo la chini, na kwa maoni yake yule wa kwanza alikuwa na wivu. Hakuna mwanamke ambaye angelala kitandani pake akazeeka. Nikamjibu kwamba mimi ni mjane, walio hai wamenisumbua vya kutosha, sina nafasi ya kuogopa maiti. Akanitazama kama mtu anavyomtazama kuku wa kuchinjwa kesho.

Kucheka nilicheka, lakini chumba chetu kilikuwa na harufu. Kabati alilolitengeneza mume wangu kwa mikono yake lilinukia marashi ya waridi, na mimi marashi hayo sijawahi kuyanunua. Nililisugua kwa sabuni, nikaliacha wazi mchana kutwa. Jioni harufu ikarudi palepale. Mume wangu alisema ni mbao tu. Binti aliyeachwa na mke wa pili, mtoto wa miaka tisa, alinitazama nikisugua.

Kisha nikaanza kutokwa damu. Haikuwa ya mwezi. Ilikuja kila baada ya kulala na mume wangu, kidogo tu, wala haikuuma. Ningemwambia nani? Redio angeitangaza kabla sijafika mlangoni. Mume wangu alishazika wawili, na niliuogopa uso wake kuliko nilivyoiogopa ile damu. Nikawa nafua vitambaa kwa siri na kuvianika chini ya mashuka.

Asubuhi moja, yeye akiwa karakana, nikatafuta pa kuvificha. Niliivuta droo ya chini hadi ikatoka yote. Nyuma yake palikuwa na ubao mdogo wa kuteleza, umepigwa randa vizuri kuliko kabati lenyewe. Nikautelezesha, na marashi yakanipiga usoni.

Ndani mlikuwa na mafurushi mawili ya vitambaa, vimefuliwa hadi vimechakaa, na alama za kahawia bado zipo. Moja lilifungwa kwa utepe wa bluu, jingine kwa kamba ya kiatu cha mtoto. Katikati palikuwa na chupa ya marashi iliyobaki nusu. Basi mke wa pili alipagundua hapa kama mimi, akaliona furushi la mwenzake, akaelewa, kisha akaongeza lake na kufunga ubao. Na mimi nilikuwa nimeshika furushi la tatu. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Sijawahi kuogopa namna ile maishani. Hakuna marehemu aliyekuwa akinifuata. Mimi ndiye niliyekuwa nawafuata.

Nikaenda zahanati, furushi langu likiwa mkobani.

Nesi alinipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akamulika taa, akaona doa jeupe. Akachukua kinyama kidogo kikapimwe. Nilimuuliza ni nani aliyeniroga. Hakunicheka. Alisema ni kirusi, kinapita watu wanapokutana kimwili, na karibu kila mtu hukipata wakati fulani. Miili mingi hukifukuza yenyewe. Kwa wachache hukaa miaka na miaka, kimya, kikizibadilisha seli za pale mlangoni polepole, mpaka zinakuwa saratani. Mwanamume hukibeba bila kujua, nami huenda nilikuja nacho tangu kwa marehemu mume wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.

"Ndiyo, ila hiki tunaweza kukiwahi," akasema nesi. "Na kupimwa hakusubiri damu, mama. Wewe umebahatika."

Nilikuwa nimebahatika kweli. Majibu yalisema seli zimeanza kuharibika lakini hazijawa saratani. Walinitia ganzi, wakaikata sehemu mbovu, wakaniambia lini nirudi kuangaliwa.

Jioni ile niliyaweka mafurushi yote matatu mezani mbele ya mume wangu, nikamweleza. Akaugusa ule utepe wa bluu.

"Pale pa siri nilipatengeneza mimi," akasema. "Mke wangu wa kwanza aliniomba mahali pa kuwekea vitu vyake vya kike. Nikaupiga randa ule ubao hadi ukateleza bila kelele. Sikumuuliza ni vitu gani."

Akalia. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, kwa hiyo sikumbembeleza. Alipomaliza akachukua nyundo, akaenda chumbani kupavunja. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, ukipavunja hapo," akauliza, "mimi nikikua nitaficha wapi vyangu?"

Nyundo ikashuka taratibu, ikalala sakafuni. Nikamwambia mume wangu kwamba zahanati wana chanjo ya kirusi kile kwa wasichana wa umri wa binti yake, kabla hawajakutana nacho.

Asubuhi hakufungua karakana. Alimshika binti yake mkono, tukatoka sote watatu. Redio alikuwa kibarazani, akauliza tunakwenda wapi mapema hivyo. Mume wangu akasimama katikati ya njia, na kwa sauti ya mtaa mzima kusikia akamwambia tunakokwenda, na nini kiliwaua wake zake wawili.