Kila Ombi Lioneshe Kitambulisho

Haya alinisimulia mjukuu wangu Jumapili, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, uchovu wa Ijumaa bado haujamtoka.

Kazini kwao wanamwita Kufuli, maana haamini mlango mpaka autikise. Walikuwa wamejenga tovuti ya hospitali, mgonjwa asome majibu ya vipimo vyake kwenye simu. Ilikuwa ifunguliwe Ijumaa hiyo saa kumi, na majibu ya shangazi yake yalikuwa humo. Shangazi alishaapa: watu wakiyajua, hospitali hakanyagi tena.

Asubuhi Kufuli akagundua jambo. Ukurasa uliuliza nywila vizuri tu. Lakini huduma zilizokaa nyuma yake, zile zinazotoa majibu, zilimpa yeyote aliyesema, "Mimi daktari." Hazikuuliza, nani kakutambua?

"Kufuli umeanza," akasema bosi. "Nani atapita huko nyuma? Hata kitufe hakuna!"

"Kitufe cha nini, bosi? Mtu anaandika ombi mwenyewe. Nawe ulipimwa pale; niruhusu nisome majibu yako."

"Soma! Ukiweza, chakula cha mchana juu yangu."

Akaandika mistari miwili, bila nywila. "Pole, bosi. Mafuta kwenye damu yamepanda. Hicho chakula kisiwe cha kukaanga."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bosi peke yake alikauka. "Ziba," akasema. "Ziba sasa hivi."

Kufuli akaandika programu moja, akaiweka kama mlinzi mbele ya huduma zote. Ukishatoa nywila, seva, ile kompyuta kuu, inakupa kitambulisho chenye muhuri wake. Kila ombi lije nacho, na seva yenyewe ikague muhuri, kisha itazame kama faili unaloomba ni lako. Kujitaja jina tu, utasimama hapo mpaka uote mizizi.

Mchana hospitali ikamtuma mdukuzi wao wa kukodi, mama mpole mwenye miwani, ajaribu kuvunja. Akajiita daktari: wapi! Akaleta kitambulisho kilichoisha muda: nje. Akagushi muhuri: nje vilevile. Mwisho akaingia kama mgonjwa halali, akaomba faili la mwingine, na lilikuwa la shangazi. Kufuli akasogea karibu na skrini.

"Huruhusiwi," skrini ikajibu.

Mama yule akavua miwani. "Wanangu, hapa mmenitoa jasho. Fungueni."

Vigelegele! Bosi akamkalisha Kufuli kwenye kiti chake cha ofisini, kile chenye magurudumu, akamzungusha ofisi nzima kama bibi harusi.

Jioni shangazi akapiga simu: majibu kayasoma mwenyewe, peke yake, na Jumatatu anaanza dawa. Kufuli akacheka, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, na kabla simu haijamtoka mkononi usingizi ukambeba.